Maswali Yenu: Mume, Mke na Milima Isiyo na Njia

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi na mke wangu tunaishi Shangani, Mtwara. Yeye ni mwalimu wa sekondari, nami ni mkulima wa korosho mwenye shamba upande wa Nanyamba. Mwaka juzi tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu tukiwa na waongozaji na wapagazi, na sote wawili tulifika Uhuru. Tangu hapo tumekuwa na hamu ya kwenda milima ya nje ya nchi, sisi wawili tu, tukibeba hema na chakula chetu mgongoni na kutembea mahali pasipo na njia, kwa siku kama kumi. Mwenzangu anapendelea Alps za Uswisi. Mimi nimevutiwa na Drakensberg ya Afrika Kusini. Likizo yake ni Juni au Desemba. Fedha za mnada zimeshaingia, kwa hiyo tunaweza kujiandaa bila pupa. Je, twende wapi na lini? Tujiandae vipi na baridi, ambayo huku kwetu haipo? Na kwa kuwa yeye ni mwembamba kuliko mimi, mizigo tugawane namna gani?

Msomaji wako, Shangani, Mtwara

JIBU

Ndugu yangu, hongereni kwa kufika Uhuru, lakini msiuhesabu mlima ule kuwa mazoezi ya jambo mnalolitaka sasa. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hauruhusiwi kupandwa bila mwongozaji, na kwa njia ya Marangu mgeni hulala kwenye vibanda, hupikiwa, huamshwa usiku wa manane na kuambiwa atembee kwa mwendo gani. Mlithibitisha kwamba miili yenu inastahimili mwinuko, na hilo si dogo. Ila uamuzi wa kuendelea au kurudi, wa kulala hapa au pale, ulikuwa wa watu wengine. Mahali pasipo na njia, kuamua ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu mahali, naungana nawe, na mwalimu aniwie radhi. Uswisi ni nchi nzuri kwa mtembeaji, lakini uzuri wake umo hasa katika njia zake, ambazo zimewekwa alama za rangi karibu kila bonde: njano kwa njia za kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe kwa njia za milimani, nyeupe-buluu-nyeupe kwa zile za hatari zaidi. Mgeni anayeziacha alama hizo huko juu hukutana mapema na magenge, au na mito ya barafu yenye nyufa ambayo haivukwi bila kamba na mafunzo. Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1914, hairuhusu kabisa mtu kutoka nje ya njia wala kupiga hema. Juu ya hayo, mwezi Juni theluji bado imelala kwenye sehemu nyingi za juu za kuvukia, na Desemba ni kipupwe kamili. Ada ya viza ya Schengen, ambayo ndiyo inayotumika Uswisi, ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu inayotakiwa haipungui euro 30,000. Lakini hata viza ingekuwa bure, kalenda ya shule ingewakwamisha.

Drakensberg inawafaa kwa sababu kadhaa. Mtanzania anayekwenda Afrika Kusini kutembea kwa muda mfupi hahitaji kuomba viza kabla ya safari. Cha msingi ni pasipoti yenye muda wa kutosha na kurasa mbili tupu. Pili, milima yenyewe imekaa kana kwamba imeumbwa kwa ajili ya matembezi ya aina hii: ni ukuta mrefu wa mawe ya volkano upande wa KwaZulu-Natal, na juu ya ukuta huo ni uwanda wa nyasi wenye mwinuko wa mita 3,000 hivi, unaoendelea ndani ya Lesotho. Huko juu hakuna njia zaidi ya vijia vya kondoo na ng'ombe. Mtu hufuata ukingo wa ukuta, huvuka vichwa vya mabonde, na hulala penye maji. Kuna vilele kama Champagne Castle, mita 3,377, na Mafadi, mita 3,450, ambao ndio mrefu kuliko vyote Afrika Kusini. Safari ya uwanda mzima, kuanzia Sentinel upande wa kaskazini hadi Bushman's Nek upande wa kusini, ni zaidi ya kilomita 200. Wakimbiaji Ryan Sandes na Ryno Griesel waliimaliza mwaka 2014 kwa saa 41 na dakika 49. Habari hiyo naileta ili muistaajabie, si ili muifuate.

Ninyi chukueni kipande cha kaskazini tu. Kutoka maegesho ya Sentinel mnapanda ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, mnatokea juu ya ukuta wa Amphitheatre ambako mto Tugela unaanguka, kisha mnaelekea kusini hadi eneo la Cathedral Peak na kushuka kwa Organ Pipes Pass. Ni kilomita 60 na kitu. Waliozoea hutumia siku nne au tano. Ninyi wekeni sita, na chakula cha siku ya saba. Siku kumi mlizozitaja nazipinga: chakula cha siku kumi pekee kinazidi kilo saba kwa kila mtu, na mzigo wa namna hiyo ndio unaopindua kifundo cha mguu kwenye mawe. Kama mnaweza kumlipa mwongozaji wa huko kwa siku mbili za mwanzo, mlipeni, kwa sababu si kila korongo linaloonekana kama njia ya kushukia lina mwisho mwema. Lipo linaloanza kwa nyasi nzuri na kuishia kwenye genge la mita mia.

Pasipoti zibebwe mwilini muda wote, kwani mpaka wa Lesotho huko juu hauna uzio na mtauvuka bila kujua. Masharti ya kuingia Lesotho yaulizeni kabla ya kuondoka nchini. Mtawakuta wachungaji wa Kisotho wenye mablanketi na mbwa. Wasalimuni kwanza, «Lumelang», na msiyasogelee maboma yao bila kuitwa. Wizi wa viatu na mabegi hutokea, kwa hiyo usiku kila kitu kiingie ndani ya hema, na hema lisiachwe peke yake mchana.

Nendeni Juni. Desemba ni majira ya mvua, na huko ngurumo huja karibu kila alasiri, nanyi mko kwenye uwanda usio na mti wala kibanda. Juni ni kikavu, anga ni safi, mito ni midogo. Najua kwamba ndipo mkorosho unapohitaji salfa dhidi ya ubwiri unga, kwa hiyo tafuta mapema mtu wa kupuliza. Mwanzo wa mwezi ni afadhali kuliko mwisho. Gharama ya Juni ni mbili. Kwanza ni baridi: usiku kipimajoto kushuka chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na nyuzi 10 chini ya sifuri si ajabu. Theluji nayo huweza kuanguka. Pili ni ufupi wa mchana. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni, kwa saa zao ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwa hesabu ya kawaida ya wapanda milima, kilomita tano huchukua saa moja, na kila mita 600 za kupanda huongeza saa nyingine. Mahali pasipo na njia, ukiwa na mzigo, zidisha hesabu hiyo mara mbili. Utaona kwamba kilomita kumi kwa siku zinatosha. Hema liwe limesimama saa tisa alasiri.

Sasa nifike kwenye neno «sisi wawili tu», ambalo umeliandika kwa wepesi na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika barua yako.

Watu wanne wakiwa mlimani na mmoja akavunjika mguu, mmoja hubaki naye na wawili hushuka kutafuta msaada. Wakiwa wawili, mgonjwa hubaki peke yake kwenye baridi, au wote wawili hubaki wakisubiri. Ndiyo maana uwezo wa safari yenu hauna budi kupimwa kwa kile ambacho mmoja wenu, yeyote, anaweza kumfanyia mwenzake akiwa peke yake. Katika ndoa nyingi kazi hugawanyika zenyewe: mume hushika ramani na dira, mke hushika jiko na dawa, na baada ya siku mbili kila mmoja amesahau kazi ya mwenzake. Nyumbani mgawanyo huo hauna madhara. Mlimani, siku mshika ramani anapogonga kichwa, safari nzima imepofuka. Kwa hiyo kuanzia leo badilishaneni: siku moja wewe unaongoza na yeye anapika, siku ya pili kinyume chake, na anayeongoza asisahihishwe isipokuwa anaelekea gengeni. Kila mmoja aweze kusimamisha hema peke yake penye upepo, kuwasha jiko kwa vidole vilivyokufa ganzi, kusema kwa ramani yuko wapi, na kutumia kifaa cha kuomba msaada bila kusoma maelezo.

Kila mmoja pia abebe uhai wake mwenyewe: mfuko wake wa kulalia, nguo zake kavu, taa ya kichwani, filimbi, nakala yake ya ramani, na chakula cha siku moja. Vitu vya pamoja tu ndivyo vinavyogawanywa, yaani hema, jiko, gesi, sufuria na chakula kilichobaki, na hapo msigawane kwa kuwa huyu ni mwanamume na huyu ni mwanamke, bali kwa uzito wa miili. Begi lisizidi sana sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Mwenye kilo 80 anabeba 16 au 17, mwenye kilo 55 anabeba 11 au 12. Mkipima mkaona haiwezekani, punguzeni vitu. Msimwongezee mwalimu kimyakimya kwa kisingizio kwamba amezoea, wala wewe usijitwishe vyote ili uonekane hodari, kwa maana mbebaji akichoka ndiye anayejikwaa.

Wekeaneni masharti kabla ya kuondoka Mtwara. Sharti la kwanza: yeyote akisema «turudi», mnarudi, papo hapo, na mjadala unasubiri mpaka mfike bondeni. Kila mmoja ana kura ya turufu. Sharti la pili: hamtengani kupita umbali wa kusikilizana kwa sauti ya kawaida, na ukungu ukishuka mnakaa chini, mnavaa, mnasubiri. Kuna jambo moja tu linalovunja sharti hilo, nalo ni radi. Ngurumo zikiwakuta mahali pa wazi, ondokeni kwenye ukingo na kilele, chuchumaeni juu ya mabegi, na mpeane nafasi ya mita 20 au zaidi. Moyo utawaambia mkumbatiane. Msikumbatiane, kwa sababu pigo moja litawapata wote, na aliyepigwa na radi mara nyingi huokolewa na mtu wa kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua papo hapo.

Baridi nayo huanzia kwenye tabia. Mtu anayepoteza joto hutetemeka, kisha hujikwaa, hutamka maneno kwa uzito, na huwa mkali au mkaidi bila sababu. Mwenzi wako akikujibu kwa ukali usio wa kawaida, mpe kitu kitamu, mvike sweta, ndipo mmalize ugomvi. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, hali ni mbaya: hema, nguo kavu, mfuko wa kulalia, na mwili wako kando yake.

Kwa mavazi, mna bahati ambayo watu wa Moshi hawana. Kwenye mitumba ya Mtwara majaketi mazito hukaa chini ya lundo kwa kuwa hayana mnunuzi pwani, na bei yake ni ya kumalizia mzigo. Chagueni kwa mikono: zipu ivutwe mpaka mwisho, manyoya yaliyoganda mabonge yaachwe, na jaketi la mvua limwagiwe maji ya chupa ili muone kama yanateleza au yanazama. Ndani vaeni sufu au nguo za sintetiki. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki huko, na humnyonya mtu joto lake. Mifuko ya kulalia ya kiwango cha nyuzi 10 chini ya sifuri inakodishwa Moshi na Arusha, kwa kuwa biashara ya Kilimanjaro ipo. Msisahau godoro jembamba la kujaza hewa au la povu, maana baridi kubwa hutoka ardhini na mkeka hauizuii.

Mazoezi yafanyeni kwa ngazi. Anzeni kwa kubeba mabegi yaliyojaa na kushuka Shimo la Mungu kule Newala, kisha kupanda tena, kwa wiki kadhaa, mpaka magoti yazoee. Halafu, Juni ya mwaka huu au Julai, chukueni barabara ya Masasi, Tunduru na Songea hadi Njombe na Makete, mkalale kwenye hema Kitulo, ambako uwanda una mita zipatazo 2,600 na asubuhi za miezi hiyo nyasi huwa na jalidi. Kutoka Shimo la Mungu hadi Bustani ya Mungu, kama wenyeji wanavyoiita Kitulo, mtakuwa mmejifunza bila kuvuka mpaka. Mkirudi kutoka Kitulo mkiwa bado mnasemezana vizuri, kateni tiketi za mwaka ujao.

Kuhusu afya nina onyo moja ambalo vitabu vya Wazungu havina sababu ya kuliandika. Kwenye Drakensberg hakuna malaria, lakini ninyi mnatoka Mtwara, na vimelea huweza kukaa mwilini wiki moja, mbili au zaidi kabla ya homa kuanza. Mtu akiumwa kichwa na kutapika kwenye mita 3,000, wote watadhani ni ugonjwa wa mwinuko. Bebeni kipimajoto na kipimo cha haraka cha malaria pamoja na dawa mseto mliyoandikiwa. Mwinuko peke yake kwa kawaida hauleti homa kali, malaria huileta. Muuguzi yeyote wa huko mwambieni kwanza mnatoka wapi. Na kwa mwinuko wenyewe, Johannesburg iko mita 1,700 na kitu, kwa hiyo usiku mmoja huko na mwingine karibu na Sentinel utawasaidia. Kichwa kikiuma msipande zaidi, kikizidi, shukeni.

SWALI

Nimeona wasafiri wa siku hizi wanatumia simu yenye ramani na GPS. Je, ramani ya karatasi na dira bado zina kazi? Na mtu akipata ajali mahali pasipo na mtandao, msaada anauitaje?

Msomaji, Newala

JIBU

Simu bebeni, na ramani ya eneo ipakuliwe kabla, lakini betri kwenye baridi hupungua haraka kuliko mnavyotarajia, na kioo hakisikii kidole chenye glavu. Simu ilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na pawabenki, ambayo kwenye ndege hubebwa mkononi na si kwenye begi la chini. Mitungi ya gesi haipandi ndege kabisa. Inunuliwe Afrika Kusini.

Ramani ya skeli ya 1:50,000 ina tofauti ya mwinuko ya mita 20 baina ya mstari mmoja wa kontua (unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) na mwingine, maana yake genge la mita 15 linaweza kujificha katikati bila kuonekana. Ndiyo sababu asiyezoea hashuki korongo kwa kuiamini ramani pekee. Dira nayo ina mtego ambao mtu wa kwetu hakuwahi kuukuta. Mtwara sindano hutofautiana na kaskazini halisi kwa nyuzi chache tu, na hata ukisahau hupotei. Kwenye Drakensberg hupotoka kuelekea magharibi kwa zaidi ya nyuzi 20. Ukitembea kilomita moja kwa kosa la nyuzi 20, umeachana na shabaha yako kwa takriban mita 350, na kwenye ukungu, kando ya ukuta ule, mita hizo ni nyingi mno. Angalieni tarakimu iliyoandikwa pembeni mwa ramani na mwaka wake, kisha rekebisheni dira.

Kwa msaada, nunueni au kodini kifaa cha setilaiti. Kipo kile cha dharura kinachotuma ishara kwa mfumo wa kimataifa wa uokoaji wa Cospas-Sarsat bila malipo ya mwezi, na kipo kinachotuma na kupokea ujumbe mfupi kwa malipo ya huduma. Kwa watu wawili napendekeza cha pili, kwa sababu waokoaji wanaweza kuuliza na mkajibu, na kwa sababu mnaweza kumwambia mtu wa nyumbani «tumechelewa, ni wazima». Penye mtandao, piga 112. Penye watu wa kusikia, filimbi sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu lake ni tatu. Kabla ya kupanda jazeni daftari la hifadhi, andikeni njia na siku ya kushuka, na nakala hiyo hiyo aachiwe mtu mmoja wa Mtwara asiyesahau, pamoja na saa ambayo, asipopata habari, atapiga simu. Waokoaji wa milima kule, wakiwamo wanachama wa Mountain Club of South Africa iliyoanzishwa mwaka 1891, wengi wao ni wa kujitolea, na hawawezi kumtafuta mtu ambaye hakuna anayejua kwamba hakurudi. Bima nayo isomwe mstari kwa mstari: nyingi za kawaida huweka kikomo cha mwinuko, au huwatoa wanaotembea nje ya njia.

SWALI

Mimi na mume wangu tungependa safari kama hiyo, lakini nina wasiwasi wa ibada. Maji ya barafu, kibla, na chakula cha halali: tufanyeje? Na je, korosho zetu zinafaa kuwa chakula cha safari?

Bi. Msomaji, Lindi

JIBU

Dada yangu, hukumu zenyewe muulize sheikh wenu. Mimi nitakueleza hali ya mahali ili uulize vizuri. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kwa mchana mfupi wa Juni kujumuisha adhuhuri na alasiri kutawarahisishia mwendo. Viatu vya mlimani hufunika vifundo, kwa hiyo muulize kuhusu kupangusa juu ya khufu, yaani juu ya viatu badala ya kuosha miguu, ambako msafiri ana siku tatu na mikesha yake, sharti viatu vivaliwe mtu akiwa na udhu. Kwa asubuhi ambazo kijito kimeganda, muulize pia kuhusu tayamamu, au pasheni maji kidogo kwenye jiko lile lile la chai.

Kibla kinahitaji akili kidogo. Lindi na Mtwara ziko karibu kwenye longitudo moja na Makka, na ndiyo maana huku tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Drakensberg iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla ni kaskazini ikiinamia mashariki kwa nyuzi 13 hivi. Hizo ni nyuzi za kaskazini halisi; ukitumia dira, ongeza ule upotovu wa sindano niliomweleza msomaji wa Newala, utapata pembe inayozidi 30.

Nyama usibebe kutoka nyumbani. KwaZulu-Natal ina Waislamu wengi, hasa Durban, na bidhaa zenye alama ya halali zinapatikana madukani. Nunueni mahitaji kabla ya kuingia milimani. Kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage na kande ni kuchoma gesi bure, na wali hukawia. Uji, tambi nyembamba, na ugali wa unga laini vinakubali. Moto wa kuni hauruhusiwi ndani ya hifadhi.

Korosho ni chakula bora cha mlimani: gramu 100 zina zaidi ya kalori 550, ilhali unga mkavu una kama 360, na mtu anayebeba mzigo kwenye baridi anahitaji kalori 3,000 au zaidi kwa siku. Chukueni zilizobanguliwa, zikakaangwa na kufungwa kiwandani zikiwa na lebo, na mzitangaze forodhani mnapoingia. Zigawanye kwenye vifuko vidogo vya siku, kimoja mfukoni mwako na kimoja mfukoni mwa mumeo, pamoja na tende, ili kila mmoja aweze kula akitembea bila kumngoja mwenzake afungue begi.